Chombo cha Bei Rahisi: Ni Anasa au ni Haki?

Katika kikao kimoja cha darasa letu, tulipokuwa tumemaliza kusoma mlango wa matumizi ya mali, ndugu mmoja alisimama akauliza suali lililotunyamazisha kitambo. Alieleza kwamba mkewe amemwomba vitu viwili: jiko la makaa lenye udongo ndani, na mbuzi mpya ya kukunia nazi, kwa kuwa ile ya zamani imekuwa butu na meno yake yameliwa na kutu. Naye aweza kuvinunua vyote viwili bila ya kukopa. Lakini mama yake mzazi, ambaye amepikia seredani ya bati umri wake wote, amemwambia kuwa hayo ni mambo ya anasa, na kwamba nyumba nyingi zimeharibiwa na tamaa ndogo ndogo za namna hiyo. "Basi," akauliza, "nimsikilize nani? Na jambo hili lina hukumu gani mbele ya akili na mbele ya dini?"

Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakaona kwamba suali la jiko na mbuzi si la kuletwa mahali pa elimu. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mtu huonekana tabia yake katika vitu vidogo anavyovirudia kila siku kuliko katika mambo makubwa yanayomjia mara moja kwa mwaka. Na ikiwa elimu yetu haiwezi kuingia jikoni ikasema neno la haki, basi elimu hiyo ni ya kupambia midomo tu. Kwa hivyo tumelichukua suali lile tukalifikiri, na haya ndiyo tuliyoyaona, twayaweka mbele ya wasomaji wetu wapate kuyapima.

Kwanza yapasa tuelewane juu ya maneno. Qur'ani, katika Sura ya Furqan, imewahesabu miongoni mwa waja wa Rahmani wale wanaoshika njia ya kati katika matumizi, baina ya ufujaji na uchoyo. Mafunzo haya yana pande mbili, lakini wengi wetu tumeshika upande mmoja tu. Ufujaji twaujua, twauhutubia na kuulaani kila msimu wa harusi. Ama uchoyo, huo twaupa majina mazuri. Twauita busara, twauita kujikaza, twauita kuishi kama walivyoishi wazee. Mtu aweza kumbana mkewe na watoto wake kwa muda wa miaka ishirini, na watu wakamsifu kwamba ni mtu asiyependa dunia.

Pili, wanazuoni wa usuli, na khasa Imam Shatibi wa Granada aliyefariki mwaka 1388, wameyagawanya mahitaji ya wanadamu katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni dharura, nayo ni yale ambayo yakikosekana maisha huvunjika. Ya pili ni haja, nayo ni yale ambayo yakikosekana maisha huendelea, lakini katika dhiki na uzito. Ya tatu ni mapambo, yaani yale yanayoyatia maisha uzuri na ukamilifu. Makosa yetu ni kwamba tumeisahau daraja ya katikati. Twadhani kila kitu ni ama dharura ama anasa, na kwamba lile ambalo mtu hafi kwa kulikosa ni jambo la kuachwa. Mbuzi butu haimwui mtu. Lakini mwanamke anayekuna nazi mbili kila siku kwa mbuzi butu hutumia nguvu maradufu, hujikata vidole, na nusu ya nazi hubaki kifuuni. Hiyo si dharura, wala kuiondoa si anasa. Hiyo ni haja, na sharia imekuja kuwaondolea watu uzito.

Na hapa twaomba msomaji atazame jambo ambalo hupotoa hesabu zetu: daraja ya kitu haijulikani kwa bei yake. Lile kabati la vioo lililo katika vyumba vyetu vya wageni, limejaa sahani na vikombe visivyoguswa isipokuwa kwa kufutwa vumbi, ni pambo hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kutupwa. Na jiko la udongo ni haja hata kama mwenye kuliuza amelipaka rangi za kupendeza. Atakaye kujua daraja ya kitu na aulize: Je, kitu hiki chaguswa mara ngapi kwa siku? Ni mkono wa nani unaokigusa? Na mkono huo hupata nini kikiwako, na hupoteza nini kikikosekana?

Tutoe mifano, kwa kuwa maneno matupu hayajazi kikapu.

Jiko hili la udongo lilitengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Kazi yake si siri. Bati peke yake huupeleka moto nje, ukapasha joto hewa na miguu ya mpishi. Ama udongo huuzuia moto ukabaki chini ya sufuria. Kwa sababu hiyo hukisiwa kwamba huokoa baina ya thuluthi na nusu ya makaa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: nyumba inayotumia makaa ya shilingi 100 kwa siku, ikiokoa thuluthi moja, huweka akiba ya shilingi 33 kila siku, nazo kwa siku 30 ni shilingi 990. Jiko likiwa limenunuliwa kwa shilingi 1,000, basi limekwisha kujilipa katika muda wa mwezi mmoja, na miezi inayofuata ni faida. Wengi wetu twakumbuka jinsi gunia la makaa lilivyopanda bei mwaka 2018, Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwaka huo walionunua jiko la udongo waliona nafuu, na waliolikataa kwa kuogopa anasa walilipa gharama ya hofu yao.

Hatusemi kwamba jiko hilo limemaliza kila shari. Makaa, hata katika jiko zuri, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na dirisha halina badala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani, utokanao na kupikia kuni, makaa, mafuta ya taa na mfano wake, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mwenye kupika na mtoto aliye mgongoni mwake ndio wanaouvuta moshi huo kuliko wote; baba huja nyumbani chakula kikiwa tayari, na moshi umekwisha tawanyika.

Mfano wa pili ni maji. Tangu zamani pwani yetu imejua mtungi na kata ya kifuu, na maji ya mtungi yana ubaridi na ladha isiyosahaulika. Lakini maji yaliyochotwa safi huchafuka ndani ya nyumba, kwa sababu kila achotaye huingiza kata na vidole pamoja, na mikono ya watoto hujulikana ilikotoka. Chombo chenye kifuniko na bomba dogo chini yake huondoa madhara hayo. Haukuongezwa ujuzi wowote mgumu. Limetobolewa tundu, likatiwa bomba, basi.

Mfano wa tatu ni chandarua. Utafiti uliofanywa Kilifi na kutangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kadiri ya thuluthi moja. Hebu tuyafikiri haya: kipande cha kitambaa chenye matundu, ambacho bei yake ni ndogo kuliko kilemba kizuri, na ambacho mara nyingi hutolewa bure katika zahanati, chaweza kuwa ndicho tofauti ya mtoto kulala na mtoto kuzikwa. Hapa haja imepanda ikawa dharura. Na hata hivyo tumeona vyandarua vikifunikia miche ya bustani.

Na mfano wa nne ni taa ndogo ya nguvu za jua. Yule anayesomea kibatari hupata mwanga haba na masizi mengi, na katika nyumba iliyoezekwa makuti kibatari kilichoanguka ni msiba. Taa ya jua huanikwa mchana kama samaki, na usiku huwaka bila ya kununuliwa mafuta. Mwenye nyumba asiyeinunua hasemi kwamba hana fedha. Asema mafuta ya kikombe kimoja ni rahisi zaidi. Kweli ni rahisi kwa jioni moja. Lakini mwaka hauna jioni moja.

Msomaji ataona kwamba vitu hivi vyote ni vya bei ya chini, na faida zake ni dhahiri. Basi kwa nini nyumba nyingi zenye uwezo hazina? Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba mwenye kushika mfuko siye mwenye kushika mwiko. Anayekata shauri la kununua hakuni nazi, hapulizi moto, haamki usiku kumfukuzia mtoto mbu. Uzito asioubeba huuona mwepesi. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hii ndiyo hali ya waume wengi na majiko yao.

Ya pili ni jicho la mgeni. Mgeni huingia sebuleni, haingii jikoni. Kwa hivyo mali yetu huenda inakoonekana. Saa ya ukutani, pazia la vitambaa viwili, kabati la vioo: haya yana mashahidi. Mbuzi kali haina shahidi ila mkono unaoitumia.

Ya tatu ni umaskini wenyewe, na hii twaitaja kwa huruma. Yule anunuaye makaa kwa kopo na mafuta kwa kikombe hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia na dumu, naye aijua hesabu hiyo kuliko sisi. Hakosi akili, anakosa zile shilingi mia kadhaa kwa mkupuo mmoja. Huyu asilaumiwe, asaidiwe.

Na kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tukiri yaliyo yetu. Kwa muda mrefu watoto wa chuo kinachosimamiwa na darasa letu walikuwa wakinywa maji kutoka katika pipa lisilo na kifuniko, kwa kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba. Wakati huo huo tulichanga fedha, tukanunua zulia jipya la chumba cha mikutano yetu, na tukajipongeza. Mwalimu wa watoto aliwahi kulitaja pipa lile mara mbili, nasi tukasema tutaangalia. Siku mtoto mmoja alipougua tumbo, mama yake alikuja kutuuliza, kwa adabu nyingi kuliko tulivyostahiki, kama sisi tunaosomesha mlango wa tohara tumewahi kuyatazama maji wanayokunywa wanafunzi wetu. Hatukuwa na jawabu. Kifuniko, bomba na vikombe kumi viligharimu kidogo kuliko pindo la lile zulia. Tangu siku hiyo tumejua kwamba suali la ndugu yetu si la jikoni kwake tu.

Sasa tuzitazame hoja za wanaopinga, kwa kuwa zina uzito na hazifai kudharauliwa.

Husemwa kwanza kwamba wazee wetu waliishi bila ya vitu hivi, wakawa wacha Mungu kuliko sisi, na kwamba zuhudi ni kuridhika na kidogo. Twajibu: zuhudi ni fadhila, lakini ni fadhila ya mtu katika nafsi yake. Mtu aweza kuiacha raha yake mwenyewe akapata thawabu. Ama kuiacha raha ya mwenzako kisha ukajihesabia wewe thawabu, hiyo ni biashara ya ajabu. Anayetaka kuwa zahidi na aanze na kahawa yake ya jioni na kanzu yake ya tatu, asianze na mbuzi ya mkewe. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake mpaka ufikapo wakati wa sala. Zuhudi yake haikuwa mzigo juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Husemwa pili kwamba tamaa haina mwisho. Leo jiko, kesho friji, keshokutwa kiti cha kutikisika. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo hofu ya yule bi mkubwa, mama wa ndugu yetu, ambaye ameziona nyumba zikianguka kwa mikopo. Siku hizi vitu huuzwa kwa kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, na jumla ya malipo hayo, ikihesabiwa mpaka mwisho, mara nyingi hupita mbali bei ya kununua taslimu. Na penye ziada ya mkopo hapana budi mtu aulize habari ya riba. Lakini dawa ya tamaa si kukataa kila kitu, kwani mwenye kukataa kila kitu huja siku akashindwa, akanunua kisichofaa. Dawa yake ni kipimo. Sisi twapendekeza masharti matatu: kitu kiwe kinapunguza uzito uliopo kweli, si uzito uliobuniwa na muuzaji, kiwe chaweza kununuliwa bila ya deni lenye ziada na bila ya kupunguza haki ya mtu, na kiwe kitatumika mpaka kichakae. Kilichotimiza masharti haya hakiitwi anasa, hata kikiwa kipya, hata kikitoka ng'ambo.

Husemwa tatu kwamba mume akinunua ni hisani, na asiponunua hana lawama. Hapa twawaomba wasomaji wetu warejee katika vitabu vyao wenyewe. Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni kitabu kilichosomeshwa katika misikiti ya pwani hii kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa nafaka, hakikutosheka kutaja chakula na nguo. Kimehesabu katika haki za mke vyombo vya kulia, vya kunywea na vya kupikia, kama vile chungu, bakuli na mtungi. Kimetaja kitana na mafuta ya kujisafishia. Kimetaja cha kukalia. Na zaidi ya hayo, kimeweka gharama ya kusaga nafaka na kuoka mkate juu ya mume. Tuyafikiri haya kwa makini: mwanachuoni wa zaidi ya miaka mia saba iliyopita hakuona kwamba mume amemaliza wajibu wake kwa kutupa gunia la nafaka mlangoni. Aliona kwamba uzito ulio baina ya gunia na sahani una mwenyewe, na mwenyewe ni yule mwenye kutoa nafaka. Na daraja za matumizi akazifanya tatu kwa kadiri ya wasaa wa mtu: mwenye nacho, wa wastani, na mwenye dhiki, ili mwenye dhiki asionewe, na mwenye wasaa asijifiche nyuma ya maskini.

Ikiwa hali ni hiyo, basi mume mwenye uwezo anunuaye jiko zuri hafanyi hisani ya kushukuriwa mwaka mzima. Amelipa sehemu ya deni. Na mke aombaye mbuzi kali hana tamaa, amedai.

Je, tufanye nini? Tusingependa kuyaacha maneno haya yaende na upepo. Twashauri kila mwenye nyumba, kabla ya kununua kitu kingine chochote cha sebuleni, akae jikoni kwake tangu moto unapowashwa mpaka chakula kinapopakuliwa. Asiseme neno, atazame tu. Kisha aulize: Ni kitu gani hapa kinachokuchosha kila siku? Jawabu huenda likawa kinoo cha kunolea kisu. Huenda likawa kibao cha kukalia chenye kimo cha kufaa, au kifuniko cha sufuria, au misumari minne na fundi wa kupigilia rafu. Tutastaajabu jinsi uzito wa miaka unavyoweza kuondolewa kwa fedha za chai ya wiki moja.

Na kwa wasio na fedha za mkupuo, akina mama wetu wamekwisha tuonyesha njia kwa ile michezo yao ya kuchangiana na kupokezana. Twashauri mitaa yetu ianzishe mchezo wa vyombo: watu kumi wachange kidogo kila wiki, na kila wiki mmoja wao apate jiko au taa, bila ya riba na bila ya deni la dukani. Darasa letu litaanza na nyumba za wanafunzi wetu, na safari hii zulia litangoja.

Ama ndugu yetu aliyeuliza, tulimjibu hivi. Anunue vyote viwili. Lakini asivipitishe mbele ya mama yake kama mtu aliyeshinda daawa, kwa kuwa mama yake hakukosea kuiogopa tamaa. Alikosea jina la kitu tu, naye ameyapata makosa hayo kwa kuvumilia kwingi. Amwite bi mkubwa jikoni, amwekee mbuzi mpya, ampe nazi aikune yeye mwanzo. Mikono iliyokuna kwa mbuzi butu kwa muda wa miaka arobaini itajua yenyewe, bila ya kufundishwa na sisi, kama hii ni anasa au ni haki iliyochelewa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.